Waliokufa kwa Kukosa Mazoezi

Ipo nchi moja, mbali kidogo na hapa, ambayo jina lake hatulitaji. Si kwa ubaya. Tulipopita kule lilikuwa linabadilishwa, na jipya lilikuwa bado halijakauka rangi. Ni nchi nzuri. Magazeti yake yana habari njema peke yake, na viongozi wake wana afya ambayo ukiiona utaionea wivu. Sisi tunaosimulia hatuna ugomvi nayo hata kidogo. Tunachotaka ni kueleza tu yaliyompata mwanamke mmoja wa huko, Bi Sikudhani Mtawali, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika vifo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akifa, ndugu zake walikwenda kwenye Idara ya Vizazi na Vifo, Dirisha Namba Nne. Bi Sikudhani aliandika kwenye daftari kubwa jina la marehemu, umri wake na sababu ya kifo, kisha akatoa cheti. Bila cheti hakuna kibali cha mazishi, na bila kibali mochwari haiachii maiti. Alikuwa amekaa dirishani hapo miaka ishirini na tisa. Umri wake ulikuwa hamsini na sita, goti la kushoto lilikuwa bovu, na hakuwa amewahi kupanda baiskeli maishani mwake.

Idara hiyo ilikuwa juu ya mlima. Waziri mmoja wa zamani aliijenga huko kwa sababu alipenda mandhari, na pia, alisema, ili wananchi wasiende kufiwa ovyo ovyo. Watumishi wote waliishi Mabondeni, chini kabisa. Kutoka Mabondeni hadi idarani ni kilomita tisa za kupanda, kona kumi na moja. Kwa miaka yote hiyo walipandishwa asubuhi na kushushwa jioni na basi la idara, kuukuu, la buluu, lililokohoa kila kona lakini likafika.

Mwaka huo Mkuu wa Nchi alisafiri kwenda nchi fulani ya baridi. Akiwa dirishani hotelini, alimwona waziri wa nchi hiyo akienda kazini kwa baiskeli, suruali kaikunja, mkate kauweka kikapuni. Inasemekana Mkuu alilia. Aliporudi alilia tena uwanja wa ndege, safari hii mbele ya bendi na wapiga picha, akasema:

"Ndugu wananchi! Nimeyaona maendeleo kwa macho yangu haya, na yana magurudumu mawili. Kuanzia leo, kila mwajiri awahamasishe watumishi wake waende kazini kwa baiskeli. Nasema kuhamasisha. Sisemi kulazimisha. Nchi yetu ni huru. Atakayekataa kuhamasika kwa hiari yake, achukuliwe hatua."

Bendi ikapiga.

*

Wiki iliyofuata Mkurugenzi wa Idara, Dakta Kajembe, aliwaita watumishi wote uani. Yeye alifika kwa gari lake jeusi, na juu ya gari ilifungwa baiskeli mpya inayong'aa. Dereva aliishusha, akaisimamisha, akaishikilia. Dakta Kajembe akaweka mkono juu ya usukani wake na kuhutubia.

"Kama mnavyoona," alisema, "mimi binafsi nimekuja na baiskeli."

Watu wakapiga makofi.

"Mwajiri mwema hasukumi watu. Mwajiri mwema huwavutia. Kwa hiyo tumefanya utafiti wa kina juu ya jambo linalowazuia watumishi wetu kupanda baiskeli, na tumegundua kwamba ni basi. Mtumishi anaamka, anataka kabisa kupanda baiskeli, roho inamtuma, lakini basi hilo hapo linampigia honi! Ni kishawishi. Tumekiondoa."

Wote waligeuka. Basi lao la buluu lilikuwa limewekwa juu ya mawe kwenye kona ya uwanja, halina tairi hata moja, na mlangoni mwake palikuwa na kibao: OFISI YA HAMASA.

Karibu na Bi Sikudhani alisimama Mzee Gwakisa, tarishi wa idara, mtu mrefu mwenye mvi na sauti ya taratibu. Alibakiza miezi saba astaafu. Ndiye aliyekuwa akipeleka barua za idara tangu ujana wake, na ndiye pekee kati yao aliyejua baiskeli kwelikweli, maana zamani alizungukia mitaa yote ya Mabondeni kwa baiskeli. Lakini hiyo ilikuwa kabla moyo haujamsumbua. Sasa alitembea na vidonge mfukoni. Akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, mimi nina maradhi ya moyo. Daktari ameniandikia nisifanye kazi nzito. Mtu kama mimi afanyeje?"

"Swali zuri sana!" alisema Dakta Kajembe. "Wagonjwa tumewafikiria kwanza. Mgonjwa atapeleka cheti cha daktari kwenye Kamati ya Hamasa, nayo itamsamehe papo hapo."

"Kamati inakaa wapi, mheshimiwa?"

"Hapa hapa mlimani. Na ili kupunguza usumbufu, inapokea vyeti vilivyoletwa kwa baiskeli tu."

Mzee Gwakisa alishusha mkono. Bi Sikudhani alimnong'oneza, "Kaka, umesikia nilivyosikia mimi?"

"Nimesikia, dada," alijibu. "Natafuta mahali pa kucheka sipaoni."

*

Lazima tuwe wakweli: idara ilijitahidi. Ililetewa baiskeli za kutosha, moja kwa kila mtumishi, nyekundu, na kengele yenye sauti tamu. Hazikuwa na viti, kwa kuwa viti vilikuwa kwenye zabuni nyingine ambayo ingefunguliwa mwaka wa fedha ujao, hivyo watu waliendesha wakiwa wamesimama, na Ofisi ya Hamasa ikatoa waraka kwamba kusimama ni ishara ya uchapakazi. Breki zilikuwepo. Zilikuwa za plastiki, na zilifanya kazi vizuri sana mahali tambarare, ambapo hazikuhitajika.

Lilijengwa bafu la watumishi, waoge wakifika. Lilikuwa bafu zuri lenye marumaru na jiwe la msingi. Siku ya kulizindua mhudumu mmoja alijificha juu ya dari akamwaga maji kwa ndoo, mgeni rasmi akanyoosha mkono chini yake, akasema "ya uvuguvugu, safi," na tangu siku hiyo bafu halikupata tone tena, kwani mabomba hayakuwa sehemu ya bafu. Kila aliyefika kwa baiskeli alipewa yai la kuchemsha. Yai lilitiwa mhuri wa idara, na ili ulipate ilikubidi ukaguliwe jasho getini na Afisa Hamasa, ambaye alikupitishia kitambaa cheupe kwenye paji la uso, akakiinua juani, na kuandika daftarini: la kutosha, la wastani, la kusuasua.

Bi Sikudhani hakujua kuendesha, basi alikokota. Aliamka alfajiri, akaishika baiskeli yake kama anayemwongoza ng'ombe mkaidi, akapanda nayo kilomita tisa, kona kumi na moja, goti likimwaka. Alifika amelowa chapachapa. Afisa Hamasa alimkagua akaguna.

"Jasho hili ni la kutembea, mama."

"Umejuaje?"

"La baiskeli lina chumvi zaidi. Na wewe ulionekana ukikokota. Kukokota ni kumdhalilisha Mkuu wa Nchi hadharani. Leo nakusamehe. Ikifika mara tatu, dirisha lako atapewa anayehamasika."

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Bi Sikudhani alikwenda dirishani kwake, akakaa, akatazama foleni ya waliofiwa waliokuwa wakimsubiri, nao wamepanda mlima kwa miguu. Hakuwa na mume, hakuwa na shamba, wala kazi nyingine aliyoijua. Akihesabu alichokuwa nacho duniani, ilikuwa ni kiti kile na dirisha lile.

Jumapili Mzee Gwakisa alimfundisha katika kiwanja cha mpira cha Mabondeni. Alikaa kivulini na vidonge vyake, mkewe Tupokigwe kando yake na birika la chai, akipaza sauti.

"Usitazame gurudumu, dada! Tazama mbele!"

"Mbele kuna goli, kaka!"

"Basi funga!"

Bi Sikudhani aliingia golini na baiskeli, akanaswa wavuni kama dagaa. Tupokigwe alicheka mpaka akamwaga chai. Mara ya nne alianguka vibaya, goti lile lile, akabaki pale chini kwenye vumbi akalia, mtu mzima, kilemba kimemvuka. Mzee Gwakisa alikuja polepole akaketi chini karibu naye.

"Siwezi, kaka. Nimeshindwa."

"Umeshaweza. Umetoka kule mpaka hapa bila kukanyaga chini. Mimi nilikuwa nahesabu."

"Na wewe utafanyaje? Cheti chako je?"

Alitoa karatasi ya daktari mfuko wa shati, akaitazama, akaikunja tena. "Nimewapa mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda kwa miguu, wakaikataa. Mara ya pili nilimwomba mtu aende nayo kwa baiskeli, wakasema mgonjwa ni yeye. Wakampa ruhusa ya wiki mbili."

"Acha kazi, kaka! Utakufa!"

"Miezi saba, dada. Miaka thelathini na mitatu nimeshaitia. Niiache kwa ajili ya miezi saba? Nitakwenda taratibu. Nakwenda kona moja, napumzika. Nikifika juu na cheti mkononi, nimeshasamehewa, basi tena."

Tupokigwe hakucheka tena. Alikuwa anakusanya vikombe.

*

Sherehe iliitwa Siku ya Magurudumu. Waziri alikuja kushuhudia watumishi wakipanda kwenda kazini, naye alipanda nyuma yao kwa gari, na juu ya gari lake ilifungwa baiskeli. Nyuma yake lilifuata gari la Dakta Kajembe, nalo na baiskeli yake juu. Spika zilifungwa kila kona. Sauti ya mwanamke ilisema: "Wewe ni upepo! Wewe ni upepo!"

Mzee Gwakisa alikuwa amevaa fulana ya njano kama wengine wote. Kona ya kwanza alipumzika. Kona ya pili alipumzika, lakini Afisa Hamasa alimpulizia filimbi kwamba anazuia msafara. Kuanzia hapo hakupumzika tena. Bi Sikudhani alikuwa nyuma yake hatua chache, akiendesha, ndiyo, akiendesha, amesimama juu ya pedali, macho mbele kama alivyofundishwa, na mbele aliuona mgongo wa njano wa Mzee Gwakisa ukiyumba kulia, kushoto, kulia.

Kona ya saba mgongo ule ulisimama. Alishuka kwenye baiskeli kwa adabu, kama anayeshuka mbele ya wakubwa, akailaza pembeni, akaketi, kisha akalala.

Bi Sikudhani aliitupa yake. "Kaka! Kaka Gwakisa!" Alimshika kichwa, akatafuta vidonge mfukoni, akakuta cheti cha daktari kimelowa jasho. Vidonge vilikuwa mfuko wa pili. Alimtia kimoja mdomoni. Hakikumezwa.

Gari la Waziri lilifika likasimama. Kioo kikashuka inchi mbili.

"Kuna nini?" aliuliza Waziri.

"Mtu amezimia, mheshimiwa! Tunaomba gari tumkimbize hospitali!"

Waziri alisikitika sana, na sisi hatuna sababu ya kumshuku. Aligeuka akatazama kiti cha nyuma. "Pole, mama. Kiti hiki kimekaliwa na kombe." Na kweli kombe la mshindi lilikuwa pale, kubwa, limefungwa mkanda. Dakta Kajembe naye alishuka, akatazama gari lake, akaeleza kwamba akigeuza gari literemke wakati msafara unapanda, picha za televisheni zitaonyesha idara ikirudi nyuma.

"Mlazeni kando kidogo," alisema. "Upande ule wenye maua."

Bi Sikudhani na wenzake wawili walimlaza Mzee Gwakisa juu ya baiskeli, tumbo kwenye fremu, wakaanza kumteremsha. Breki za plastiki zilivunjika kona ya sita. Waliishikilia baiskeli kwa mikono na visigino, viatu vikilika, kona kwa kona, huku spika zikimwambia kila mmoja kuwa yeye ni upepo. Zahanati ya Mabondeni ilimpokea. Muuguzi aliweka vidole viwili shingoni mwake, akasubiri, akatikisa kichwa.

Juu mlimani, tuliambiwa, sherehe ilifana.

*

Kesho yake asubuhi Tupokigwe alikuwa wa kwanza Dirisha Namba Nne. Alipanda mlima kwa miguu, kanga mbili nyeusi. Wanawake wale wawili walitazamana kupitia kioo. Bi Sikudhani alifungua daftari. Aliandika jina. Aliandika umri. Kalamu ilipofika kwenye sababu ya kifo, simu ikalia. Aliitwa kwa Mkurugenzi.

Dakta Kajembe alimpa kiti, akampa pole, akampa yai.

"Bi Sikudhani, wewe ni mtumishi wa siku nyingi, huna haja ya kufundishwa. Huyu mwenzetu amefariki. Tunataka ukweli uandikwe."

"Ndiyo, mheshimiwa. Moyo umesimama kwa kupandishwa mlima kwa baiskeli na daktari alikataza."

"Hapana, hapana. Huo siyo ukweli, hayo ni matukio." Aliinuka akaanza kutembea. "Jiulize. Kwa nini moyo wake ulisimama? Kwa sababu ulikuwa dhaifu. Kwa nini ulikuwa dhaifu? Kwa sababu kwa miaka mingi aliletwa kazini na basi. Angeanza baiskeli mapema, leo angekuwa hai. Mtu huyu amekufa kwa kukosa mazoezi."

Bi Sikudhani alidhani hakusikia vizuri. "Amekufa akiwa anafanya mazoezi, mheshimiwa."

"Umeona? Aliyachelewa! Andika: kukosa mazoezi. Ukiandika vingine, sitagonga mhuri. Na bila mhuri wangu, unajua mwenyewe, mochwari haitatoa mtu."

Alitoka akarudi dirishani kwake. Kwa siku nne hakuandika kitu. Alikwenda kwa Naibu Mkurugenzi, akamkuta amekwenda semina ya baiskeli. Akaandika barua wizarani, ikarudishwa kwa kuwa haikuletwa kwa baiskeli. Akaiendesha mwenyewe, akaanguka mara mbili njiani, akaifikisha. Wakampigia makofi mapokezi, wakampa fulana, wakaifungia barua kabatini. Mochwari ya Mabondeni ilikuwa na umeme wa kubahatisha, na joto la mwezi ule mnalijua.

Siku ya tano asubuhi Tupokigwe alirudi. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Dada Siku. Wamenipigia simu mochwari. Wamesema nisichelewe."

"Wanataka niandike uongo, Tupoki. Wanataka niandike alikuwa mvivu."

"Andika."

"Tupoki..."

"Andika chochote, mama! Andika ameliwa na mamba! Mume wangu anaharibika!" Foleni nzima iligeuka. "Nataka kumzika. Sitaki kingine. Nakuomba, dada yangu, mikono yote miwili, andika."

Bi Sikudhani aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama kawaida. Kukosa mazoezi. Mhuri ukagongwa papo hapo, na Mzee Gwakisa akazikwa adhuhuri.

*

Ungedhani yaliishia hapo. Lakini idara hiyo haikuwa na tabia ya kutupa kitu. Baada ya wiki moja picha ya Mzee Gwakisa, ile ya kitambulisho, ilibandikwa getini, kubwa kama mlango. Chini yake paliandikwa: MWENZETU HUYU ALIKUFA KWA KUKOSA MAZOEZI. WEWE JE? Bango lilifika Mabondeni, likafika sokoni, likafika kwenye ukuta wa kanisa alikokuwa akisali. Taasisi nyingine, za mlimani na za mjini, zikaomba nakala.

Watu wakaendelea kufa. Mhasibu wa mifugo breki zilimkatikia kona ya tisa. Mpishi wa hospitali aligongwa na gari la waziri mwingine, lililokuwa limebeba baiskeli. Mwalimu mjamzito. Mlinzi mwenye pumu. Waajiri wao wote walileta barua moja inayofanana, na Bi Sikudhani akaandika, kwa sababu mara ya kwanza aliandika, na mkono ukishaandika neno hilo mara moja unaandika tu. Usingizi ulimpotea. Chakula kilimshinda. Alianza kujiombea ugonjwa, ugonjwa wowote, mradi usimfikishe kwenye daftari lake mwenyewe, kwani alijua angeandikwa nini.

Halafu ikatangazwa kwamba takwimu za idara zimethibitisha hatari ya kukosa mazoezi: vifo vya aina hiyo vilikuwa havijawahi kutokea kabisa, na sasa vimekuwa vingi kuliko malaria. Kwa hiyo hamasa iongezwe. Wastaafu nao waende kwa baiskeli kule walikokuwa wakifanya kazi.

Siku tangazo hilo lilipobandikwa, Tupokigwe alikuja dirishani. Hakuwa amekuja kwa ajili ya maiti. Alikuwa na kile cheti mkononi.

"Nilikwambia andika chochote," alisema. "Nimekuja kulichukua neno langu."

Bi Sikudhani hakuweza kumtazama.

"Watu wananicheka sokoni, dada. Wanasema mume wako alikuwa mvivu, kafa kwa kukaa. Mtu aliyepeleka barua za nchi hii miaka thelathini na mitatu! Jana nilimkuta mama mmoja anamtishia mumewe na picha ya Gwakisa. 'Amka,' anamwambia, 'usije ukafa kama yule.' Na leo mume huyo yuko kwenye foleni hii. Siyo kwamba amesimama. Limeletwa jina lake. Mkewe ni yule pale nyuma."

Bi Sikudhani aliinua macho. Nyuma ya Tupokigwe foleni ilifika mpaka nje, na katikati yake alisimama mwanamke kijana, kanga nyeusi, anatazama sakafu.

Kuna utaratibu wa kusahihisha cheti cha kifo katika nchi hiyo. Fomu ipo. Inatakiwa isainiwe na marehemu. Bi Sikudhani aliifikiria fomu hiyo kwa muda, kisha akalifungua daftari ukurasa wa Mzee Gwakisa, akalaza rula, na kukata maneno yale mawili kwa mstari mmoja wa wino mwekundu. Mhudumu wa dirisha la jirani akashika mdomo. Kukata neno katika daftari la vifo ni kosa la jinai. Bi Sikudhani aliandika juu yake, huku akisoma kwa sauti ili Tupokigwe asikie:

"Alikufa kona ya saba, akipanda mlima kwa baiskeli isiyo na kiti, kwa amri, cheti cha daktari kikiwa mfukoni mwake. Gari lilikuwepo. Halikutolewa."

Tupokigwe alifunika uso kwa kanga. "Soma tena," alisema. Akasomewa tena.

Mhudumu wa dirisha la jirani alikuwa ameshakimbilia kwa Mkurugenzi. Dakta Kajembe alitoka akiwa na simu sikioni, akiita polisi. Alitaka kulinyakua daftari, lakini foleni ilikuwa imesogea mbele ikajaa hadi kwenye kioo, mabega kwa mabega, na hakukuwa na mtu aliyempisha. Hawakumgusa. Walisimama tu.

"Polisi wanakuja!" alipiga kelele. "Wanakuja sasa hivi!"

Na ni kweli walikuwa wanakuja. Ila polisi nao wana mwajiri, na mwajiri wao alikuwa amewahamasisha. Kupitia dirisha la ukutani nyuma yake Bi Sikudhani aliwaona chini kabisa, kona ya kwanza, vidoti viwili vya kaki vimesimama juu ya pedali.

"Anayefuata," alisema.

Mwanamke kijana akasogea. "Mume wangu anaitwa Lusajo Kibona. Breki zilikatika."

"Kona gani, mwanangu?"

"Ya tano."

Akaandika. Anayefuata. Akaandika. Walijitokeza na wale wa zamani, ndugu wa mhasibu, ndugu wa mlinzi mwenye pumu, maana habari ilikuwa imeshuka mlimani upesi kuliko polisi walivyopanda. Akafungua kurasa za nyuma, akakata, akaandika. Vidoti vya kaki vikafika kona ya nne. Mkono ulimuuma mpaka begani. Hakuna aliyemwambia aharakishe. Kila mmoja alisema jina, kona, na neno moja au mawili, akampisha mwenzake. Dakta Kajembe alikuwa ameketi kwenye ngazi, anapiga simu baada ya simu kuomba gari la polisi, na kila mara aliambiwa kwamba magari yamewekwa juu ya mawe, kwa mujibu wa waraka wake mwenyewe ulioigwa nchi nzima.

Ilipita saa moja na dakika arobaini. Kwenye kona ya kumi na moja kidoti kimoja kikaanguka. Wanaume wawili walitoka kwenye foleni wakakimbia kumfuata. Walikwenda mbio. Waliporudi walikuwa wanatembea, na walikuwa wamevua kofia.

Askari wa pili aliingia akishikilia ukuta, mdomo wazi, uso umekuwa rangi ya majivu. Mtu alimpa maji. Alikunywa nusu, nusu ikamwagikia kifuani. Pingu zilining'inia kiunoni.

"Mkamate!" alipiga kelele Dakta Kajembe akiinuka kwenye ngazi. "Yule pale! Mkamate na daftari lake!"

Askari alimtazama Bi Sikudhani kupitia kioo, akatazama kalamu, akatazama watu waliosimama na kanga zao nyeusi. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kusema.

"Mama," alisema, "nimetumwa nikukamate."

"Najua, baba."

"Mwenzangu amebaki pale kona ya mwisho. Anaitwa Nassoro Mwinjuma. Ana mama yake." Akajifuta uso kwa kofia. "Na yeye utamwandika kama hivi unavyoandika hawa?"

"Nitamwandika."

"Unasikia anavyosema?" Dakta Kajembe alikuwa amemfikia sasa, anamvuta mkono. "Nimekuagiza umkamate sasa hivi!"

Askari aliutoa mkono wake taratibu.

"Zamu yangu bado, mheshimiwa," alisema, na kwa kuwa alikuwa mtu wa nidhamu, akaenda kusimama mwisho wa foleni.